Saa ya Kwetu Ndani ya Kompyuta ya Shangazi

Enzi zetu, kompyuta ilivuliwa viatu. Yeyote aliyeingia katika kibanda cha uchapaji cha shangazi yangu Mwanahawa, pale Sofu, Kibaha, aliacha kandambili zake mlangoni, kwa maana iliaminika kwamba vumbi ndilo lililoiua mashine ya jirani. Kila jioni kompyuta ilifunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua, cha aina ileile iliyofunika makochi ya sebuleni. Sisi watoto tulitoka kucheza rede, miguu imejaa udongo na midomo imekolea rangi ya ubuyu, tukanawa kwanza, ndipo tukaruhusiwa kusimama nyuma ya kiti chake na kusikiliza vidole vyake vikigonga herufi kama mvua juu ya bati.

Hali ya mambo kabla ya Jumamosi ninayoikumbuka ilikuwa hivi. Nilikuwa darasa la sita, nikiishi kwa shangazi, kwa kuwa wazazi wangu walilima Marui, wilayani Kisarawe, naye alipenda nisome mjini. Mashine ilikuwa imejaa virusi vilivyoletwa na disketi za wateja: kazi iliyochapwa vizuri asubuhi, ikifika adhuhuri imegeuka vijiti na viduara. Wateja wakahamia vibanda vya Maili Moja. Wa maana aliyebaki alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, niliyosoma mimi, aliyeahidi kuleta mtihani wa mwisho wa muhula siku ya Jumatatu. Shangazi alikwisha kutamka, kwa sauti ya mtu aliyeamua: “Mashine hii isipopona hadi Jumatatu, nafunga kibanda, tunarudi Marui. Jembe halishikwi na virusi.” Kwangu mimi, maneno hayo yalimaanisha kuiacha shule.

Mwanawe, Kaka Hamisi, aliyekuwa akisoma chuo Dar es Salaam, ndiye aliyekuja na sidii ndani ya bahasha ya kaki. Alisema ndani yake mna mfumo wa kuendesha kompyuta uitwao Linux. Hauuzwi, na virusi vile haviujui. Jumamosi hiyo tukaanza kazi mapema, mara baada ya chai na mihogo ya kuchemsha. Kazi yangu ilikuwa kusoma Kiingereza cha kwenye kioo, kamusi mapajani.

Walioutunga mfumo ule, nadhani, hawakuwahi kumfikiria mtu kama shangazi. Uliuliza diski igawanywe mafungu mangapi. Shangazi akataka kujua kama kuna mirathi. Uliomba neno la siri, na lilipoandikwa haikutokea herufi hata moja. Kaka Hamisi, akidhani kibodi imekufa, aliigonga kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. “Na siri yenyewe anafichwa nani, ndani ya nyumba yangu?” shangazi akauliza. Kisha ikaja ramani ya dunia, ikitaka kujua tunakaa wapi. Kibaha haikuwamo. Kaka Hamisi akabonyeza Dar es Salaam, na shangazi akanung’unika kwamba tumehamishwa bila kuulizwa.

Hata hivyo, mashine iliwaka. Kioo kilikuwa safi, herufi zimetulia. Kaka Hamisi akatoka kwenda kununua maandazi ya kupongezana. Hapo ndipo shangazi alipoiona saa pembeni mwa kioo. Ilionyesha tisa na dakika zake, ilhali kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi.

“Shangazi, si ndivyo saa zote zilivyo?” nikasema. “Hata ya ukutani.”

“Ya ukutani ni chuma, naisamehe,” akajibu. “Hii imetuuliza tunakaa wapi, tukaijibu. Sasa kwa nini inatupa saa ya Kizungu?”

Akairudisha nyuma hadi tatu, akaridhika, akaizima mashine tuisogeze mahali pake karibu na dirisha. Tulipoiwasha tena, kioo kilikuwa cheusi, chenye mistari myeupe, na hakikuendelea.

Kaka Hamisi alirudi na maandazi mkononi. “Inasemaje?”

Nilipekua kamusi, nikasoma tena. “Inasema diski iliguswa wakati ujao.”

“Wakati ujao! Soma vizuri wewe, usinichezee.”

Nilisoma vilevile. Akazima, akawasha, mistari ni ileile. Sidii ilikuwa na mkwaruzo na nusura igome asubuhi ile, hakuthubutu kuirudia. Alikaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa. Nami nikaanza kuwaza begi langu la shule litawekwa wapi huko Marui.

Ndipo shangazi akaeleza habari ya saa, bila haya, kama anayeeleza kwamba ameongeza chumvi. Kaka Hamisi akainua kichwa. Sasa ilieleweka: mashine ilikumbuka kuwa iliamshwa saa tisa, na sasa inaambiwa ni saa tatu, hivyo ikakataa kusadiki.

“Kama wakati wake haujafika,” shangazi akasema, “tungoje ufike.”

“Mama, kompyuta si futari!”

“Una jingine?”

Tulingoja. Tulikula maandazi, kisha wali wa nazi na kisamvu. Nikacheza mdako na mabinti wa jirani. Kaka Hamisi akalala mkekani, kofia usoni. Sikumbuki mchana mwingine uliokuwa na utulivu kama ule, ingawa tulikuwa na kila sababu ya kuhangaika. Ilipoadhiniwa alasiri, saa tisa ya kwetu imekwisha kupita, shangazi aliswali kwanza, bila haraka, ndipo akabonyeza kitufe. Mashine ikaamka.

Wapwa zangu leo huweka mfumo mzima huku wakitafuna chipsi mayai, na kiduara kikizunguka kitambo kidogo tu, husonya na kusema, “Anko, hii kitu imezingua.” Siwalaumu; kila kitu kimerahisishwa kwa ajili yao, na ramani za sasa zinaijua hata Misugusugu ya huko kwetu Kibaha. Ila hawajapata kukaa mkekani, nyumba nzima, kuingojea saa ifike, na nikiwasimulia huniuliza kwa nini hatukutafuta jibu mtandaoni.

Jumatatu mwalimu mkuu alileta mtihani wake. Shangazi aliuchapa, na mimi niliufanya.