Nakala Tatu za Sauti ya Mzee

Jirani yetu pale Makongeni, mama mjane aliyenipokea kama mwanawe nilipohamia, alikuwa na rekodi moja ya marehemu mumewe. Mzee alifanya kazi reli maisha yake yote. Wiki chache kabla ya kufariki, akiwa kitandani, simu ikirekodi juu ya mto, alimsimulia mkewe jinsi walivyokutana Mombasa.

Wakati huo mimi na mwenzangu, dada niliyesoma naye chuoni, tulikuwa tunaunda mtandao wa mtaa usiotegemea kompyuta kuu. Kila faili ilipewa namba iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo, na namba hiyo ndiyo iliyoamua ni simu zipi tatu za majirani zitaitunza. Ukiitaka, simu yako inauliza nyingine, nayo inaelekeza kwingine, mpaka ipatikane. Nilikuwa naringa nayo.

Mwenzangu aliniuliza swali moja tu: simu moja ikiondoka, nani atatengeneza nakala nyingine badala yake? Nikamjibu kwamba sehemu hiyo tutaiandika baadaye, maana zote tatu haziwezi kuondoka pamoja. Hakubishana. Aliandika swali lake kwenye daftari, akalipigia mstari.

Simu ya mama ilikuwa imejaa, haipokei tena picha za wajukuu. Nikamsaidia kuingiza rekodi kwenye mtandao wetu, nikaifungua kuhakikisha inacheza. Mzee akakohoa, akasema, "Basi siku hiyo..." nikaizima. Mama akauliza kama aiache pia kwenye simu yake.

"Futa tu, Mama," nikamwambia. "Majirani watatu wanakutunzia."

Simu hizo tatu hazikuondoka pamoja. Familia moja ilihamia Eastleigh, ikajitoa. Seremala mmoja anayefanya kazi Gikomba aliangusha simu yake kwenye ndoo ya maji. Wa tatu aliona programu yetu inamlia nafasi, akaiondoa, na alikuwa na haki. Tangu wa kwanza hadi wa tatu ilipita miezi minne. Rekodi ile ingeweza kunakiliwa upya mara ngapi sijui, lakini sikuwa nimeandika cha kuinakili.

Mama aliitaka siku ya kumbukumbu ya mumewe, awasikilizishe watoto. Nilitafuta asubuhi nzima, kisha nikaenda kumweleza ukweli, pamoja na lile swali nililopuuza.

"Wewe si uliisikiliza, mwanangu?" akauliza. "Alisemaje pale mwisho, kuhusu stesheni? Mimi nilikuwa nalia, sikusikia vizuri."

Nikamwambia nilisikiliza maneno matatu tu.

Sehemu ile iliyokosekana niliiandika kwa alasiri mbili. Sasa simu moja ikinyamaza, zilizobaki zinatafuta ya kushika nafasi yake. Mwenzangu aliikagua, akasema inafanya kazi. Mama bado hunialika chai, nami huenda. Ila tangu siku ile hajaniomba nimhifadhie kitu chochote.