Niliua seli zangu kwa kuzichungulia sana

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Nimeandika hii post mara nne nikafuta, kwa hivyo hii ya tano naituma ilivyo. Sijaongeza kitu.

Nilimaliza degree ya biotechnology mwaka jana. Naishi Yamumbi na mama yangu, ambaye ana duka. Wateja wakimuuliza mtoto anafanya kazi gani, anawaambia, "Anafuga ngozi huko mjini." Nilichoka kumrekebisha.

Na si uongo sana. Nilipata internship ya miezi mitatu kwa lab ndogo inayokuza seli za ngozi, wakiota kwamba siku moja mtu aliyeungua atatibiwa kwa seli zake mwenyewe.

Tulikuwa interns wawili, mimi na Wafula. Nafasi ya kazi ilikuwa moja.

Siku ya kwanza kuona seli kwa microscope nilisahau kupumua. Zilikuwa zimelala zikishikana, kama mashamba ya ngano ukiyatazama kutoka juu. Sijawahi kupanda ndege, lakini ndivyo naota.

Nilirudi nyumbani nikimuona mgonjwa fulani nisiyemjua, amelala, ngozi mpya inamrudia polepole kama nyasi baada ya mvua.

Wiki ya mwisho, bosi wetu, Daktari Chebet, alitupa kila mtu chupa moja ya seli na incubator yake ndogo. Tuzitunze mpaka Ijumaa, halafu ataamua nani abaki.

Incubator ni kabati lenye joto kama la mwili. Ukifungua mlango, joto linatoka. Hiyo nilijua kabisa.

Lakini je, kama kifuniko kimelegea? Nafungua, natoa chupa, nachungulia, narudisha.

Halafu, je, mlango nilifunga vizuri? Nafungua tena.

Na kila nikifungua naandika kwa logbook, saa na dakika, kwa sababu hiyo ndiyo sheria ya lab.

Alhamisi mchana seli zilikuwa zimeachilia sakafu ya chupa zilipokuwa zimeshika, zinaelea kama ukungu wa Timboroa. Zilipendeza, kusema kweli. Zilikuwa zimekufa.

Ule ukurasa wa logbook ningeweza kuung'oa na kusema chupa ilikuja mbaya. Nilikaa nao lunch yote.

Kisha nikamfikiria yule mgonjwa wangu, na mtu fulani huko mbele aking'oa ukurasa unaohusu ngozi yake. Nikauacha.

Ijumaa Daktari alisoma logbook yangu.

"Mara thelathini na moja, siku moja?"

"Ndio, Daktari."

"Hata kuku anayeatamia mayai angekuhama."

Wafula alicheka mpaka akatoka nje.

"Hukufikiria kung'oa hii karatasi?"

"Nilifikiria."

"Najua. Wewe hufikiria kila kitu."

Kazi ya seli alipewa Wafula. Mimi nilidhani nimeenda nyumbani, lakini Jumatatu Daktari aliniita nianze kwa quality, yaani kukagua rekodi za wengine mstari kwa mstari kabla chupa yoyote isonge mbele. Incubator siruhusiwi kugusa. Wafula nimemrudishia karatasi zake mara tatu, sasa ananisalimia kwa kichwa tu.

Nilichojifunza: kwa hii kazi seli zinaweza kufa na ukafundishwa upya. Ukweli ukifa, hakuna wa kukufundisha.

Ila bado nazitamani zile seli. Jana nilisimama nje ya room ya incubator, mkono kwa kitasa, nikauondoa, nikaenda zangu.

Wenye mko kwa hii line, mtu akianzia quality huwa anarudi kwa seli? Niambieni hata kama jibu ni hapana.