Nilivyomlilia Mzungu wa Stesheni

Ndugu zangu, nichekeni tu. Mimi ni mwalimu hapa Kamina, na tangu nipewe tuzo ya mwigizaji bora katika michezo ya kanisa letu, kichwa kilinivimba. Juma lililopita nikasikia kuna Mzungu wa sinema ameshuka kwenye treni. Nikavaa koti langu la harusi, nikamuaga mke wangu: "Nikichaguliwa, utanifuata mjini Elisabethville."

Nyuma ya stesheni nikamkuta Mzungu ameinama, jicho kwenye mashine ya miguu mitatu. Sikungoja kuulizwa. Nikasimama mbele yake, nikaigiza baba aliyefiwa na mwanawe. Akapunga mkono kushoto. Nikasogea kushoto nikilia. Akapunga kulia, nikalilia huko. Akapunga mikono yote kwa hasira. Nikaona anataka uchungu zaidi, nikajigaragaza mchangani.

Mara sauti ikatoka nyuma yangu, ya mtu aliyeshika mti mrefu wa kupimia:

"Mwalimu, toka kwanza! Muzungu iko napima njia ya treni. Iko naita miye, haiko weye!"

Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa ameshatua kikapu chake ili alie pamoja nami, akafuta machozi, akaniinamia:

"Baba, ndio kusema hakuna muntu alikufa?"