Mtu wa Tatu

"Huyo mtu wa tatu wa bima ni abiria wangu, mama!" alibisha Mangeni, dereva mchanga aliyemgonga mwenye baiskeli kule Rubongi. Mama muuza bima wa Busia, ambaye sauti yake iliwahi kusimamisha lori lisilo na breki, hakufoka. Vidole vyake vinene vilipanga vizibo vya soda mezani, kama kawaida yake. "Hiki wewe, hiki kampuni, hiki uliyemgonga. Bima yako ya thadi pati inamlipa huyo wa tatu tu; taa yako iliyovunjika, shauri yako. Naye akidai, punguzo lako la kutodai linakufa." Mangeni akanywea; bila punguzo hilo bima ya mwakani ingemshinda, na gari lingelala. "Basi mkimbilie, mwanangu, umtengenezee baiskeli kabla..." Mlango ukafunguka. Mama akakisukuma polepole kizibo cha tatu kuelekea kwa mgeni, aliyebeba gurudumu lililokunjika kama chapati.