Shahidi wa Wakili Nimo

Miaka tisa Wakili Nimo Hirsi amewapigania Wasomali wa Garsen wanaonyimwa vitambulisho, na hajapata shahidi kama Mzee Jilo, mkulima wa Hewani. Mteja wake, Mama Madina, alitakiwa athibitishe kwamba babu yake aliishi hapa, naye hana hata karatasi moja. Nimo hakwenda kwa jamaa za mama huyo. Alikwenda kwa mahasimu wao, wakulima.

“Huyu mama unamfahamu?” hakimu akamuuliza mzee.

“Sana. Ng'ombe wa babu yake walimaliza mahindi ya babu yangu, na mpaka leo hawajatuomba radhi.”

“Shamba lenyewe halikuwa na ua,” Mama Madina akadakia.

Nimo akaketi, kifua mbele. Ugomvi mkongwe kama huo, mgeni angeutoa wapi?