Nazmiye, Mshona Taulo Aliyejifunza Kupaza Sauti

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla mashine hazijaanza kunguruma, wanawake kumi na wanne wamesimama pekupeku katika ghala kuukuu la pamba, nyuma ya karakana ya taulo mjini Denizli. Chini wametandika taulo zilizokataliwa na wakaguzi, zimeshonwa tabaka sita sita mpaka zimekuwa godoro. Mbele yao anapita mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, kitambaa cha maua kichwani, mikono ameifunga nyuma kama ofisa anayekagua gwaride.

"Gülsüm, unasimama kama unangoja basi!" anafoka. "Legeza magoti! Mtu akikusukuma sasa hivi utaanguka kama gunia la viazi."

"Mwalimu, magoti yangu yana miaka hamsini."

"Yangu yana hamsini na nne na hayajaniomba likizo. Tena!"

Wanacheka, kisha wanahesabu kwa pamoja. Kila wakihesabu, mguu mmoja unarudi nyuma nusu hatua na viganja vinapanda mbele ya uso vikiwa wazi. Hakuna ngumi. Anayepita nje angedhani wanamkataza mtu kuingia ndani.

Na ndivyo ilivyo, anasema Nazmiye Tokgöz.

Ikifika saa mbili, mwalimu huyu atavaa koti lake la kazi, aketi kwenye mashine ya nne kutoka dirishani na kupinda kingo za taulo, mia tisa kwa siku, kazi ambayo ameifanya kwa miaka ishirini na tisa. Mshahara wake ni kile kima cha chini cha serikali, na karibu nusu yake huishia kwenye kodi ya nyumba. Masomo ya asubuhi hayalipishwi. Anayekuja huleta cha kufungulia kinywa: mkate wa ufuta, zeituni, kipande cha jibini. Chai ni juu ya mwalimu.

"Wengine husema mimi ni mwalimu ninayeshona," anasema akijifuta jasho. "Hapana. Mimi ni mshonaji. Ila ni mshonaji ambaye humgusi bila ruhusa yake."

Hakuzaliwa hivyo. Miaka kumi na moja iliyopita, Nazmiye akitoka gulio la Alhamisi, kijana mwenye pikipiki alimnyakua mkoba begani. Nazmiye alikokotwa hatua tatu, akaanguka, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Mkoba ulikuwa na miwani, funguo na nusu kilo ya pilipili. Hicho sicho kilichomuuma.

"Nilipokuwa chini, unajua nilimwambia nini yule mwizi? Nilimwambia, 'Samahani.' Mtu ananiibia, mimi namwomba radhi!" Anatikisa kichwa. "Nilikaa na plasta wiki sita nikiliwaza hilo neno. Nikajiuliza, nimeanza lini kuomba radhi kwa kuwa hai?"

Plasta ilipotolewa, akaenda kwenye ukumbi wa mazoezi wa mtaa wa jirani, alikokuwa ameona tangazo la Sayokan. Ni sanaa ya kujihami ya Waturuki, na wenyewe hulifasiri jina lake kuwa damu ya njia ya mpiganaji. Ukumbi ulijaa vijana. Mwalimu wao, Rahmi Özkul, fundi wa matairi aliyekwishastaafu, alimwona amesimama mlangoni na mfuko wake wa sokoni.

"Karibu, dada. Umekuja kumchukua mwanao?"

"Nimekuja kujichukua mwenyewe," akajibu, naye akavua viatu.

Vijana waliangua kicheko. Rahmi hakucheka. Alimpeleka kwenye kona na kumfundisha kusimama. Miezi mitatu mizima ilikuwa hiyo tu: kusimama, kupumua, kuanguka bila kuumia, kuinuka. Nazmiye alipouliza lini atafundishwa kupiga, akaambiwa kuwa nyumba ina milango mitatu, na mpiganaji hupita kwa mpangilio. Mlango wa kwanza ni mguu: ondoka kwenye hatari. Wa pili ni sauti: mwambie adui asimame, na ulimwengu usikie. Wa tatu ni mkono, na huo hufunguliwa pale tu miwili ya kwanza imezibwa.

"Mkono ni wa kulinda," Rahmi anasema mpaka leo. "Anayekuja kwangu akitaka kulipa kisasi, namrudisha akalale kwanza."

Mguu aliuweza. Mkono aliuweza pia. Miaka ya kubeba marobota ilikuwa imempa nguvu ambazo vijana wa ukumbini hawakuzitarajia, na wale waliomcheka walianza kukwepa kupangiwa naye zoezi. Sauti ndiyo iliyomshinda. Alilelewa kijijini, wilaya ya Çal, ambako msichana akicheka kwa nguvu alifinywa paja. Kila alipojaribu kupiga kelele, ulitoka mnong'ono.

Basi akabuni njia yake. Wakati wa mapumziko aliomba kwenda chumba cha mitambo ya kufuma, ambako kelele ni nyingi kiasi kwamba wafanyakazi huzungumza kwa ishara. Akasimama katikati ya mitambo ishirini na minne, akafumba macho, akapiga kelele: "Simama!" Hakuna aliyesikia. Akapiga tena. Alifanya hivyo kila siku kwa mwaka mzima.

Nyumbani, mumewe Bekir, fundi wa kupiga lipu, aliona ni kichekesho.

"Leo umejifunza kumrusha nani, mke wangu? Niambie mapema nihamishe vyombo."

"Wewe kula supu yako, Bekir. Zamu yako haijafika."

Mara ya kwanza alipokwenda Izmir kufanya mtihani wa ualimu wa Sayokan, alifeli. Watahini walimwandikia kwamba anaamuru kama mtu anayeomba kupewa chumvi. Mara ya pili sauti ilitoka, lakini na hasira ikatoka nayo: kijana aliyecheza mshambuliaji alimkejeli umri wake, na Nazmiye akamrusha chini baada ya filimbi kupulizwa. Akafeli tena. Aliporudi Denizli alimkabidhi Rahmi sare yake, imekunjwa vizuri kama taulo za kiwandani.

"Mwalimu, haya si ya watu kama mimi."

"Hasira ulikuwa nayo miaka arobaini, leo ndiyo imeonekana," Rahmi akamwambia, akimrudishia sare mikononi. "Ukishaiona, utaiweza. Kesho saa ngapi?"

Mtihani wenyewe ulikuja bila barua wala mtahini. Ilikuwa Novemba mwaka jana, saa ya chakula cha mchana. Wanawake walikuwa wameketi juani langoni na bakuli zao. Miongoni mwao alikuwamo Elmas, msichana wa miaka ishirini na sita wa meza ya kufungashia, aliyekuwa ameachana na mumewe miezi minne nyuma. Mahakama ilimkataza mwanamume yule kumkaribia. Siku hiyo aliingia langoni akitembea kwa haraka, mkononi ana kisu cha kupogolea mizabibu.

Elmas aliganda. Kijiko kilimdondoka.

Nazmiye anasema hakumbuki kuinuka. Anakumbuka akiwa tayari amesimama kati yao, amemsukuma Elmas nyuma, viganja wazi.

"Simama!"

Safari hii sauti ilisikika hadi ndani ya chumba cha mitambo. Wanaume wawili walitoka mbio wakidhani mtu amenaswa na mashine. Mwanamume yule alisita.

"Toka hapa, bibi! Hayakuhusu!"

"Weka kisu chini, mwanangu. Weka chini, tuzungumze."

Hakuweka. Alirusha mkono. Nazmiye akarudisha mguu wa kushoto nusu hatua, kisu kikapita, akaudaka mkono ule kwenye kifundo, akauzungusha, na jamaa akajikuta uso uko kwenye changarawe na goti la Nazmiye liko katikati ya mabega yake. Kisu kiliteleza hadi kwenye bakuli la mtu.

"Hapo ndipo palipokuwa na mtihani," anasema, sauti yake imeshuka. "Shingo yake ilikuwa wazi. Mkono wangu ulikuwa umeshapanda. Niliwakumbuka wote, yule wa pikipiki, wote walionifinya. Kisha nikasikia anahema kama mtoto mwenye pumu. Nikaushusha mkono. Nikamwambia, 'Pumua. Hakuna anayekupiga. Pumua tu.'"

Alimshikilia hivyo dakika kumi na moja, mpaka polisi walipofika. Mwanamume yule sasa yuko gerezani. Hana hata jeraha, isipokuwa michubuko ya changarawe.

"Sikulia siku ile," anasema Elmas, ambaye sasa husimama safu ya mbele katika ghala. "Nililia kesho yake, nilipoona dada Nazmiye amekuja kazini kama kawaida, ameketi, anashona. Nikasema, na mimi naitaka hii."

Hakuwa peke yake. Jumatatu iliyofuata wanawake tisa walimzunguka Nazmiye kwenye mashine yake. Mwenye karakana, Bwana Cevdet, ambaye mwaka uliotangulia alikataa kumpa Nazmiye ghala la mazoezi akisema "hapa ni kiwandani, si uwanja wa mieleka," alikuja mwenyewe na ufunguo.

"Dada Nazmiye, ghala lina panya."

"Panya tutawafundisha nao, Bwana Cevdet."

Mwezi Aprili alikwenda Izmir kufanya mtihani mara ya tatu. Wanawake wa karakana walikodi basi dogo na kuandamana naye. Ukumbini Bekir aliketi kiti cha mbele, amevaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya binti yao. Mshambuliaji safari hii alimtukana vibaya kuliko yule wa mara ya pili, na filimbi ilipolia Nazmiye aliachia, akamsaidia kuinuka, akamrekebishia ukosi wa sare. Lilipoitwa jina lake miongoni mwa waliofaulu, ukumbi ulitetemeka kwa vigelegele. Bekir alipanda juu ya kiti.

"Mke wangu huyo!" alipiga kelele, machozi yakimtiririka. "Ananipiga kila siku!"

"Mwongo!" Nazmiye akajibu kutoka jukwaani, na watahini nao wakashindwa kujizuia kucheka.

Sasa ana mpango mwingine. Septemba, zabibu zikishavunwa, atakwenda Çal kila Jumapili kuwafundisha wavunaji katika chumba cha shule walichopewa na mwenyekiti wa kijiji. Orodha iliyotumwa kutoka kijijini imeshafika majina thelathini na moja. Anaitoa mfukoni na kuonyesha la kwanza kabisa, limeandikwa kwa penseli na mkono usiozoea kuandika: Ümmühan, dada yake mkubwa, mwenye miaka sitini na tatu, ambaye kwa miaka miwili alikata mawasiliano naye akisema ameiaibisha familia kwa kujifunza kupigana.

"Alinipigia simu juzi," anasema Nazmiye, akiikunja karatasi taratibu. "Hakusema samahani. Aliuliza tu kama atapata mahali pa kusimama. Nikamwambia, 'Dada, safu ya mbele ni yako.'"