Baba Aliyetaka Kumuoza Mama Yake

Wenzangu tuliotafuna michembe mikavu ya viazi vitamu mpaka taya zikauma, nyie mtanielewa. Tulipokuwa wadogo hapa Tabora mjini, mchezo wetu mkubwa ulikuwa harusi. Bibi harusi ni gunzi la mahindi lenye nywele zake, bwana harusi gunzi jingine, pilau ni mchanga kwenye kopo. Nafasi tuliyoigombea ilikuwa ya baba wa bibi harusi. Huyo alijifunga kanga kichwani kama kilemba, akakohoa, wote tukanyamaza. Maneno yake tuliyajua kichwani: nimekuoza binti yangu kwa mahari tuliyokubaliana. Basi. Hotuba imekwisha, tunakula mchanga.

Baba yetu alikuwa fundi baiskeli. Watu wa Sikonge walimletea baiskeli zinazonata asali na kunuka tumbaku, naye akazitengeneza kutwa nzima bila kusema neno. Dada yetu Zuhura alipoposwa, tukaona mambo. Baba akaanza mazoezi. Kashika usukani wa baiskeli ya mtu kama mkono wa mkwe, anauambia, "Nimekuoza binti yangu." Tukicheka nyuma ya pazia, mama anatufinya: "Mwacheni. Anatoa mtoto, hatoi mbuzi."

Shida ni kwamba Zuhura alipewa jina la marehemu mama yake baba, na kwetu mtoto wa namna hiyo baba yake humwita mama. Tangu azaliwe, baba hakuwahi kumwita vingine. Siku ikafika, mkeka umejaa kanzu, udi unafuka, baba kamshika bwana harusi mkono, jasho linamtiririka, akatamka kwa sauti kubwa, "Nimekuoza mama yangu."

Shehe akafumba macho. "Mzee," akasema taratibu, "mama yako hapa hatumuozi. Taja binti."

Wazee wakacheka mpaka kofia zikaanguka. Baba akarudia vizuri, ila alipofika kwenye jina sauti ikamkatika, na huko chumbani Zuhura, aliyejikaza asubuhi nzima, akaangua kilio. Mpaka leo wanawe wanaijua hadithi hiyo kuliko jina la mtaa wao.

Sasa mtazameni mwanangu Rajabu. Jumamosi hii anamuoza binti yake, somo yangu huyo, mwenye jina langu na, niseme ukweli, uzuri wangu pia. Siku hizi kufunga ndoa peke yake hakutoshi. Lazima ukumbi, mshereheshaji mwenye suti inayometameta, na kitu kinaitwa neno la baba. Mjukuu wangu hakuomba gari la maua wala keki ya ghorofa. Aliomba jambo moja tu, baba aseme ya kwake. Maana Rajabu naye ni mkimya, ukimsalimia anaitika kwa nyusi.

Juzi akatukalisha uani kwake, mtaa wa Chemchem, akatoa simu, akasoma. "Malkia wangu, nakumbuka tulivyotembea ufukweni, nyayo zako ndogo juu ya mchanga." Nikamuuliza ufukwe gani huo, wa bwawa la Igombe? Mtoto kazaliwa Tabora, bahari kaiona kwenye kalenda. Akajitetea kwamba simu ndiyo imemwandikia, kazini kwao wote wanafanya hivyo. Nikamwambia basi Jumamosi simu nayo ivae kanzu, ikae meza kuu.

Mjukuu wangu hakucheka. Akaweka chini ungo wa mchele aliokuwa anachambua. "Baba, huyo wa ufukweni mimi simjui. Mimi je?"

Rajabu akaigeuzageuza simu, akaizima. Akafukuza kuku waliokuwa wakiunyemelea mchele.

"Wewe ulikuwa hulali," akasema mwisho, "mpaka nirudi nikuguse mguu. Sasa nitarudi nimguse nani?"

Kisha akainuka kwenda kupepea jiko la mkaa lisilokuwa na moto.

"Hayo hayo, baba," mjukuu wangu akamwambia, na machozi yamemjaa machoni. "Usiongeze kitu."

Baba zetu hawakupewa kipaza sauti, na mtaa mzima uliwasikia. Hawa wa leo wana spika kubwa kama makabati, ila cha kusema wanakwenda kukiazima kwenye simu. Mshereheshaji ametutumia ujumbe kwamba neno la baba limetengewa robo saa. Ya Rajabu yatakwisha kabla watu hawajageuza viti. Muda utakaobaki wapige ngoma, bibi yao nataka kucheza.